Kuangalia Shingo za Waimbaji

Kama daktari amekuambia usiseme kwa muda, na wewe ni mtu wa kusema, haya nayaandika kwa ajili yako. Sitakueleza habari za tezi. Hizo utaelezwa hospitali na watu wenye picha ukutani. Mimi nitakueleza nilivyokaa nyumbani kwangu Sekei, mvua ikaja ikaenda, baridi ikaja ikaenda, nikiangalia muvi na makala za wanamuziki pamoja na mama mkwe wangu, huku nasubiri kujua kama nitaimba tena.

Kazi yangu ni ushonaji. Cherehani yangu iko barazani na wateja wananikuta hapo hapo. Lakini ukiulizia Mama Naomi mtaani kwetu, hawatakuambia yule fundi, watakuambia yule anayeanzisha nyimbo kanisani. Nilikuwa sauti ya kwanza, soprano, na Mwalimu Sifaeli anayetufundisha kwaya alikuwa akinipa noti mimi kwanza, nikishatoka nayo ndipo wengine wanaingia. Sijisifu. Sauti nilipewa tu, kama mwingine alivyopewa urefu.

Uvimbe niliuona wakati wa vuli. Nilikuwa najaribu blauzi yangu mwenyewe mbele ya kioo, kola ikabana upande mmoja, nikadhani nimekosea kukata. Nikaifumua nikaishona upya, ikabana vilevile. Ndipo nikaitazama shingo. Kwetu Machame bibi yangu mzaa mama alikuwa na rovu kubwa na alizeeka nalo bila shida, kwa hiyo sikuogopa. Niliona ajabu tu. Nilikuwa nasimama pale kiooni nikimeza mate ili nione uvimbe unavyopanda na kushuka, mpaka Naomi, binti yangu, akaniuliza kama nimekwamwa na mfupa.

Kiangazi chote kikaishia kwenye mabenchi ya hospitali. Kipimo cha picha, halafu sindano ya shingoni, halafu kusubiri majibu ya sindano. Ushauri wangu wa kwanza kwako ni mdogo: chukua sweta hata kama nje jua linawaka, maana mabenchi ya saruji yanakula mwili. Pale tulipokuwa tunasubiri kulikuwa na televisheni imefungwa juu ukutani, na sauti yake imezimwa. Siku moja wakawa wanaonyesha kwaya. Watu wamevaa majoho, wanayumba, vinywa vinafunguka, na sisi tumekaa chini hatusikii kitu. Nikajikuta naangalia shingo zao. Kwenye noti ya juu, shingo ya mwanamke husimama na mishipa miwili hujitokeza pembeni. Kwenye noti ya chini kidevu kinarudi. Nikaanza kubahatisha wimbo.

Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mama mmoja wa Momela, naye amejifunga leso shingoni. Akaniuliza naimba nini, kumbe nilikuwa navumisha, mdomo umefungwa. Tukabishana ni wimbo gani, yeye akisema wa Pasaka, mimi nikisema wa mavuno, na tulibishana vizuri kabisa mpaka akaitwa jina akaingia ndani. Sikuwahi kumwona tena. Ila asubuhi ile ndiyo ya pekee kiangazi kile ambayo niliona muda umekwenda haraka.

Majibu ya sindano yalikuwa mazuri, si kansa, lakini uvimbe ulikuwa unaanza kusukuma koo na ilibidi utolewe. Daktari, mama mtulivu mwenye miwani, alitueleza mimi na mume wangu kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita nyuma kabisa ya tezi. Mara nyingi haupati tatizo, akasema, lakini hawezi kuniahidi. Baba Naomi akauliza nitarudi lini kwenye cherehani. Mimi nikauliza kuhusu kuimba. Daktari akasema atafanya kila awezalo, na kwa jinsi alivyoniangalia nikajua ananiambia ukweli wote alionao.

Walinipasua masika yakianza. Nilipozinduka nilitaka kumwambia nesi nina kiu, na kilichotoka ni pumzi tu, kama tairi linalovuja taratibu. Vidole na midomo vilinichonyota, nikapewa vidonge vikubwa vyenye ladha ya chaki. Nilishika koo, nikakuta bandeji. Nililia, na hata kulia kwenyewe hakukuwa na sauti, na hilo lilinishangaza kiasi kwamba nikanyamaza ili nilifikirie.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe wangu. Namwita Yeyo, kama watoto wake wanavyomwita mama yao kwa Kimasai, maana mume wangu ni Mwarusha wa Kisongo na mimi ni Mchaga niliyeolewa huko. Alikuwa amekuja na kibuyu cha maziwa ya mgando na blanketi lake, akasema hatarudi kwa ng'ombe wake mpaka anisikie nikisema. Mpaka hapo mimi na yeye tulikuwa tunaheshimiana sana na kuzungumza kidogo sana. Kiswahili chake ni cha kujifunzia sokoni, na Kimasai changu ni cha salamu.

Maagizo ya daktari yalikuwa niupumzishe mdomo kabisa mpaka nitakaporudi kutolewa nyuzi. Nikaelewa. Lakini unajua nyumba yenye mgonjwa ilivyo kwetu. Jumuiya ya kanisa wanakuja, majirani wanakuja, ndugu wa Machame wanakuja na ndizi, ndugu wa Kisongo wanakuja na maziwa, na karibu wote ni wakubwa kwangu. Mtu mzima anaingia mlangoni kwako, anakutazama, utanyamaza? Sikulelewa hivyo. Nikawa nanong'ona. Shikamoo baba, shikamoo mama, shikamoo shangazi, asubuhi mpaka jioni. Nilijiambia kunong'ona si kusema.

Ni kusema. Tena nesi aliyenitoa nyuzi aliniambia kunong'ona kunalichosha koo kuliko sauti ya kawaida, na akaniuliza nani kanituma. Ningemwambia nini, kwamba nimejiumiza kwa adabu?

Mume wangu alimweleza Yeyo jambo hilo kwa Kimasai njia nzima ya kurudi. Tulipofika Yeyo alinikalisha kwenye kochi, akasimama mbele yangu, akanigusa utosini kwa kiganja. Halafu akaniambia, "Wewe inamisha kichwa. Mtoto kwetu hasemi. Anainamisha, mkubwa anashika, imekwisha."

Nimewaona watoto wa Kisongo wakifanya hivyo miaka yote. Wanakuja mmoja mmoja na vichwa vyao vidogo, wazee wanavigusa, wanaenda kucheza. Lakini mimi ni mama mwenye nyumba, na wageni wetu nusu ni Wachaga wasiojua desturi hiyo. Yeyo akasema watajifunza. Akakaa karibu na mlango, na kila aliyeingia alimwelekeza, huyu hasemi, mshike kichwa.

Wa Kisongo walinigusa wakapita. Shangazi yangu wa Machame aliniparaza nywele kama anapima joto la maziwa. Shida ilikuja kwa mzee mmoja wa kanisa. Aliingia Yeyo akiwa jikoni, hakuna aliyemwelekeza, na mimi nikainamisha kichwa kama nilivyozoea. Mzee akaona nimeomba maombi. Akaniwekea mikono yote miwili akaanza. Aliombea koo, akaombea nyumba, akaombea magari ya watalii ambayo Baba Naomi anayatengeneza gereji, akaombea mvua ya Kisongo. Shingo ilianza kuuma na sikuweza kumwambia baba inatosha. Yeyo alipotoka jikoni akakuta hivyo, akaweka birika chini taratibu, naye akainamisha kichwa. Baadaye alicheka mpaka akajifuta machozi kwa shuka, na mimi nilicheka bila sauti, mabega tu yakiruka. Kama kuna siku tulianza kupendana, ni hiyo.

Ni Baba Naomi aliyeleta flashi. Mchana mvua ilikuwa inanyesha mfululizo, wageni wamepungua, na alituhurumia sisi wawili tulivyokaa tukitazamana. Akaenda kwenye kile kibanda wanachojazia watu muvi, akamwambia kijana amwekee za wanamuziki, maana mke wake ni mwimbaji. Kijana akaweka alichokuwa nacho. Kulikuwa na makala za bendi za nchi za mbali, za waimbaji wa zamani, nyingine za watu ambao sikuwahi kuwasikia, na katikati yake muvi za Kihindi, za Kikorea na za kupigana. Na karibu zote zilikuwa zimetafsiriwa, maana yake kuna mtu mmoja, DJ, anazungumza Kiswahili juu ya kila mtu.

Zamani nilikuwa siwezi kuangalia muvi iliyotafsiriwa. Naona ananiharibia. Sasa kwa ajili ya Yeyo ilibidi, na nikagundua kwamba simwangalii tena mwanamuziki peke yake, nasikiliza pia huyu DJ. Mtu mmoja ni mume, ni mke, ni mtoto, ni polisi, ni mama anayelia. Akiwa mwanamke hapandishi sauti sana, anailainisha tu, na unamwamini. Kwenye muvi moja alikuwa na mafua kabisa. Mpenzi wa kike ana mafua, baba mkwe ana mafua, adui mwenye bastola ana mafua. Nilitamani kujua anakunywa nini, anapumzika lini, na akipotewa na sauti watu hao wote wanaenda wapi.

Kwenye makala za muziki alikuwa na tabia moja niliyoipenda. Mahojiano anatafsiri, kelele za mashabiki anatafsiri, lakini wimbo ukianza anatamka mstari mmoja au miwili kisha anapunguza. Kuna mwimbaji mmoja mzee, mwanamke, alipoanza kuimba DJ akasema, "Hapa ndugu mtazamaji mimi sina la kuongeza," akanyamaza mpaka wimbo ukaisha. Yeyo akaniuliza kwa nini amenyamaza. Nikanyoosha kidole kwa yule mama kwenye kioo. Yeyo akakubali kwa kichwa, lakini baada ya muda akauliza swali lake, ambalo aliuliza kwa kila mwanamuziki.

"Huyu anaimba kila siku. Ng'ombe wake nani anaangalia?"

Usimcheke. Mimi nilicheka mwanzo, halafu swali likanikaa. Angalia makala yoyote ya muziki. Mtu anazunguka dunia mwaka mzima, na hakuna anayetuonyesha nani kabaki nyumbani. Yeyo alikuwa na mengine pia. Kwa nini wote wakihojiwa wanakaa kwenye kiti mbele ya magitaa, kwani hawana sebule? Kwa nini huyu wenzake wanamsifu sasa amekufa, na kwenye ile picha ya zamani walikuwa hawasimami naye karibu? Hilo la picha nilirudisha nyuma nikatazama, na kweli walikuwa hawasimami naye karibu. Mara nyingine alikosea kabisa, kama alivyoamini kwamba DJ ndiye baba wa wahusika wote. Na kwenye muvi za kawaida, mtu akikohoa mara moja tu, Yeyo alimhesabu marehemu, akageukia mchele aliokuwa anaupepeta. Hapo hakukosea hata mara moja, maana watengeneza muvi hawajui kukohoa kwingine.

Mimi nilikuwa naangalia shingo. Nilikuwa nasimamisha picha, nasogea karibu, natazama waimbaji wanavyovuta pumzi. Nilitafuta kovu. Kola, skafu, cheni nzito, yote niliyatilia shaka, na Naomi akirudi shule alinikuta nimesimama mbele ya televisheni kama askari anayekagua. Nilitaka kumpata mmoja aliyewahi kukaa nilipokaa mimi.

Nikampata, ni yule yule mama mzee. Kumbe katikati ya maisha yake aliumwa koo akapasuliwa, na madaktari walimwambia haijulikani. Nikakaa sawasawa. Nikamwashiria Yeyo asipepete. Makala ikaonyesha picha yake moja akiwa kitandani, kinanda kikalia taratibu, DJ akasema kwa huzuni, "Baada ya miaka miwili," na hapo hapo mama wa watu yuko jukwaani, amevaa gauni la kung'aa, watu wanapiga makofi. Nilirudisha nyuma. Picha, kinanda, miaka miwili, gauni. Nikarudisha tena. Nilikasirika. Miaka miwili yule mama alikuwa anafanya nini asubuhi? Alikuwa anagombana na nani? Alijaribu sauti yake kwa siri bafuni, na ilipokatika alimwambia nani? Hivyo ndivyo vitu nilivyovihitaji, na wao wamevikata ili wafike kwenye gauni.

Kwa hiyo nakuandikia mimi hayo ya katikati, angalau ya kwangu.

Katikati ni baridi. Masika yalipokwisha ukungu ukashuka kutoka Meru ukakaa mtaani, na mimi nilikuwa nasikia baridi kuliko watu wote, navaa soksi mbili, nywele zinabaki kwenye chanuo. Nikanenepa usoni. Nilianza kushona shati zenye kola ndefu, na wateja wakadhani ni fasheni, wakaagiza. Kidonge cha kufidia tezi iliyotolewa, kila asubuhi kabla ya chai, na chai yenyewe kuisubiri. Ruhusa ya kusema nilikuwa nimepata, lakini kilichotoka kilikuwa cha mkwaruzo, chenye pumzi nyingi, na jioni kilikwisha kabisa. Nilipokunywa maji haraka nilipaliwa.

Nilirudi kwa daktari. Akanishika ulimi kwa kitambaa, akaingiza kioo kidogo chenye mpini, akaniambia niseme iii. Akaangalia kwa muda mrefu. Akasema uzi wa sauti wa kulia unafanya kazi, wa kushoto umelala. Unaweza kuamka, akasema, mshipa ukichoka huwa unachukua miezi, na unaweza usiamke. Akanipeleka kwa mtu wa mazoezi, ambaye alinifundisha kuvumisha ndani ya mrija uliozamishwa kwenye glasi ya maji mpaka maji yatoe mapovu. Yeyo aliponiona mara ya kwanza alifikiri nimeshindwa hata kunywa, akaninyang'anya mrija akaleta kijiko.

Katikati ni ugomvi pia, na ugomvi wangu ulikuwa na mume wangu. Lomayani ni mtu mwema. Lakini mtu akikosa sauti, wanaompenda wanamsemea, na hawajui pa kuishia. Wageni walimuuliza yeye ninaendeleaje, na mimi nimekaa hapo hapo. Mezani alimalizia sentensi zangu, na mara nyingi alizimalizia vibaya, nikala nilichosemewa. Niliyavumilia hayo yote. Siku moja nikiwa barazani nikamsikia sebuleni anaongea na simu na Mwalimu Sifaeli. Anamwambia nyimbo za Krismasi amtafute mtu mwingine wa kuanzisha, kwamba mimi mambo ya kwaya nimeshaachana nayo. Hakuniuliza. Alisema kwa upole kabisa, kama anavyomwambia mteja gari halitapona.

Niambie, mwanamke asiye na sauti anagombana vipi? Nilisimama mbele yake nikafungua mdomo, ikatoka ile pumzi ya tairi linalovuja. Nikapiga meza, kikombe kikaanguka. Baadaye jioni alikuwa anaangalia mpira, timu yake inakaribia kusawazisha, nikaenda nikachomoa waya wa televisheni ukutani, nikaushika mkononi. Yeyo alitazama waya, akanitazama mimi, akatoka nje kwenda kuangalia kuku ambao hatuna.

Baba Naomi hakukasirika. Alikaa na kioo cheusi mbele yake, na alipoongea sauti yake mwenyewe ilikuwa mbovu.

"Nakusikia unajaribu bafuni," akasema. "Inakatika. Halafu unatoka unacheka na Yeyo kama hakuna kitu. Mimi siwezi kukusikia inakatika mbele ya watu."

Nilikuwa nimeamini bomba la maji linanificha. Nilirudisha waya ukutani, nikakaa karibu naye, mpira ulikuwa umekwisha. Nilimpenda na nilikuwa bado na hasira, vyote pamoja, na sikuwa na sauti ya kumweleza lolote kati ya hayo mawili. Ila nilimwandikia kwenye kiganja kwa kidole, herufi moja moja, kama tunavyofanya na Naomi kanisani: nitasema mwenyewe. Akarudia kwa mdomo ili niwe na uhakika amesoma sawa.

Tukaendelea na muvi. Sasa na yeye alikuwa anakaa na sisi jioni akitoka gereji, amebanwa kati yangu na mama yake, na akijaribu kutusimulia mbele tulimziba mdomo. Kiangazi kifupi kikaja, wageni wa kupanda mlima wakajaa mjini, gereji ikawa na kazi nyingi. Mimi navumisha kwenye maji. Sauti ikaanza kushika. Haikuwa ile. Ilikuwa ya chini, nzito, na ina ukingo kama wa mtu aliyeamka sasa hivi, lakini ilikuwa haikatiki ovyo na sikupaliwa tena. Yeyo aliisikia, akasema imetosha kwake, ng'ombe wanamsubiri. Halafu akabaki. Alitaka kwanza tuende wote kwa daktari kuhusu ule uzi uliolala.

Tulikwenda vuli ilipoanza, sote watatu. Safari hii hakukuwa na kioo cha mpini. Daktari alikuwa na kamera nyembamba kama uzi wa katani, akaipitisha puani, ikaniwasha mpaka macho yakatoa machozi, na akageuza kioo cha kompyuta upande wetu ili tuone.

Miezi yote ile nilikuwa naangalia shingo za watu kwa nje, na sasa nilikuwa ndani ya yangu. Kuna uwazi mweusi, na pande zake mbili kuna vipande viwili vyeupe, vimesimama kama milango. Kila nikivuta pumzi cha kulia kinafunguka. Cha kushoto kimetulia tu. Nilisahau kuogopa. Nilitaka asogeze karibu, nilitaka kujua kile kinachometameta ni nini, na daktari akaniambia ni mate, nisiyameze.

Akaniambia niseme iii. Cha kulia kikaanza kwenda katikati, kikafika pale kilipopaswa kukutana na mwenzake, na mwenzake hayupo. Hakikusimama. Kikapita katikati, kikaenda mpaka upande wa pili, kikamkuta huko huko alikolala, kikamwegemea, na sauti ikatoka.

"Rudia," akasema Baba Naomi, na nikarudia.

Daktari alizungumza polepole. Alisema wa kushoto sasa hautaamka, muda umeshapita, na zile noti za juu nilizokuwa nazo nisizitegemee tena. Hii niliyonayo ndiyo sauti yangu. Niliyasikia yote. Nililia tena, safari hii kwa sauti, na niliiona kwenye kioo, kile cha kulia kikikimbia kwenda na kurudi. Yeyo alikuwa amesogea mpaka pua yake inakaribia kugusa kompyuta. Ametazama muvi nyingi sana mwaka huo na alikuwa na mazoea ya kuuliza. Sasa hakuuliza. Aligusa kioo kwa kidole, pale pale vinapokutana.

"Huyu amelala," akasema. "Mwenzake anamfuata kitandani."

Ukifika siku ya namna hiyo, mwombe daktari akuonyeshe. Usikubali kuambiwa tu. Jina la ugonjwa ni kitu kimoja, na kukiona kile kipande kinachohangaika kwa ajili yako bila wewe kukituma ni kitu kingine kabisa.

Jioni ile nikamwomba Baba Naomi simu. Akanipa, akakaa kwenye kochi, na nikaona jinsi anavyojizuia asiniambie la kusema. Yeyo alikuwa anafunga kibuyu chake kwa safari ya kesho. Nikampigia Mwalimu Sifaeli, ikaita, akapokea. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akauliza naongea na nani. Miaka yote amenisikia kuliko mtu mwingine yeyote, na hakunijua. Iliniuma, sitakuficha.

"Ni Mama Naomi," nikamwambia. "Nakuja mazoezi Alhamisi. Wa kuanzisha nyimbo umpate kama mlivyokubaliana, mimi huko juu sifiki tena. Ila uniwekee kiti kwa wanaume."

Nilisikia anakohoa mbali na simu, anajifuta, anarudi.

"Sawa, mama," akasema. "Tenori au besi?"